Radiatere ya Shaba

Brigadiye Kapya alivua koti lake la polisi, akalikunja, akaliweka juu ya meza ya vyuma, kisha akalala chali na kuingia chini ya gari. Gari ilikuwa ya kijani, ya watu wawili tu, fupi na nyembamba kama kiatu. Upande wake wa kuume wa mbele ulikuwa umejikunja wote. Udongo mwekundu wa kichuguu ulikuwa bado umejaa kwenye taa, umekauka, na ndani ya udongo ule kulikuwa na vipande vya kioo.

"Unatafuta nini kule chini?" aliuliza Komisere. Alikuwa amesimama mbali kidogo, mahali mafuta hayakufika. "Nilisha kukuambia maneno yote. Musonda alilegeza boulon, mafuta ikamwagika, tairi ikateleza. Basi, imeisha."

"Ndiyo, mon commissaire," Kapya alisema kutoka chini. "Natafuta ile boulon."

Komisere alikohoa, akawasha sigara.

Maneno yenyewe yalikuwa mafupi. Monsieur Laurent, mwenye gari, alikuwa anajitayarisha kwa mashindano ya magari ambayo bazungu wa Élisabethville walipanga kwenye kiwanja cha ndege cha zamani. Ijumaa asubuhi alimtuma Yuma, fundi kijana wa garaji hii, aende na gari kule, aizungushe mbio mpaka motere, injini yake, ipate moto kabisa, aangalie kama mafuta yanashika nguvu. Yuma alizunguka. Watu waliokuwa wanafyeka majani kandokando ya kiwanja walisema gari ilikuwa inalia vizuri. Halafu kwenye kona moshi mweupe ulitoka chini yake, mkia wa gari ukaja mbele, na gari ikaenda kugonga kichuguu kirefu kama nyumba. Yuma alikufa ndani ya camion, lori la mizigo, njiani kwenda hospitali. Alizikwa siku ileile kabla jua halijazama, kama desturi ya Waislamu wa Kamalondo.

Jioni ile polisi walimkamata Musonda, fundi mwenzake. Chileshe, zamu, mlinzi wa garaji, alisema Alhamisi jioni alimkuta Musonda ameinama juu ya motere ya gari hii na clé, spana, mkononi, akamfukuza. Na mchana wa Alhamisi ileile watu wote wa garaji walisikia Musonda na Yuma wanagombana nyuma ya ukuta. Kwa Komisere hayo yalitosha. Leo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi Musonda angepelekwa parke, mbele ya bazungu wa sheria, na muntu mweusi aliyeharibu gari ya muzungu mpaka muntu akafa hakuwa na maneno mengi ya kusema kule.

Kapya alizikuta zile boulon, bolti za chuma. Zilikuwa mbili, kubwa, kila moja ikifunga bomba la mafuta kwenye radiatere. Si radiatere ya maji. Ilikuwa ile nyingine, inayowekwa mbele chini, upepo uipige na kupoza mafuta ya motere. Alizijaribu kwa vidole, halafu kwa clé. Hazikusogea. Tena juu ya kila boulon kulikuwa na mstari wa rangi nyekundu, umepita kutoka boulon mpaka kwenye bomba. Ilikuwa kazi ya garaji hii: fundi akisha kukaza, anapaka rangi, boulon ikilegea, mstari unakatika. Mistari yote miwili ilikuwa mizima.

Akasogeza taa. Radiatere yenyewe ilikuwa upande wa kushoto, upande ambao kichuguu hakikuugusa. Haikupondeka. Ilikuwa imefunguka kwenye mshono wake wa chini, wazi kama mdomo wa samaki, na mafuta meusi yalikuwa yamekauka kutoka pale kwenda nyuma, mpaka kwenye tairi za nyuma.

Kapya alitoka chini, akajifuta mikono.

"Boulon iko nguvu," alisema. "Mafuta ilitoka mu radiatere."

"Musonda aliiharibu."

"Labda, mon commissaire."

Monsieur Laurent alikuwa amesimama mlangoni, hajanyoa ndevu, anazungusha kofia yake mikononi. Kapya alimgeukia. "Monsieur, hii radiatere ya mafuta iko mupya?"

"Mupya. Ile ya kwanza ilikuwa ndogo. Ku Ulaya inatosha, kule kuko baridi. Hapa, mu mwezi wa kumi, ukizunguka mbio kidogo tu, mafuta inakuwa mwepesi kama maji, mushale ya pression, ya nguvu ya mafuta, inaanguka. Motere itakufa. Ni lazima kubwa. Basi nilitumisha ingine kubwa. Ilikuja na masuwa, juu ya bahari, kutoka Ulaya."

"Na masuwa," Kapya alirudia.

"Ndiyo."

Kapya alirudi chini ya gari. Aliifungua radiatere polepole, akaileta mwangani. Ilikuwa kazi nzuri, ya shaba nyekundu, imepigwa nyundo mpaka inang'aa kama ngozi ya mtoto aliyepakwa mafuta. Kwenye mshono bamba mbili za shaba zilikuwa zimekatwa meno, meno ya huku yameingia katikati ya meno ya kule, kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana, na juu yake kulikuwa na lehemu nyeupe. Pale mshono ulipofunguka, lehemu ilikuwa imejikusanya matone matone.

Alikuwa ameuona mshono ule kila asubuhi tangu aoe. Ulikuwa juu ya birika la nyumbani kwake.

Alingoja mpaka Komisere akatoka kwenda kwenye gari lake. "Monsieur," alisema kwa sauti ndogo, "Ulaya hawapigi meno ya namna hii."

Uso wa Monsieur Laurent uligeuka mwekundu, halafu mweupe. "Sikiliza, Brigadiye. Mu club yetu kila kipande ni lazima kitoke mu fabrike. Bakijua inatoka mu cité, kwa bantu beusi, watacheka, watanitoa. Ni Yuma njo alileta. Alisema kule kwabo kuko muntu ya shaba, muzuri sana."

"Muntu gani?"

"Sikuuliza."

Kapya alimtazama kidogo. Kisha alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote.

Kabla ya kuondoka aliomba kuona kisanduku cha Musonda. Chileshe, zamu, alimwonyesha, akisimama kandokando kama kuku anayeona kipanga. "Brigadiye, mi nilifanya kazi yangu tu. Sheria iko moja: gari ya Monsieur, muntu hagusi bila Monsieur. Nilimwambia, toka. Akaniomba. Nikasema toka."

"Alikuomba nini?"

"Alisema, niache kidogo tu, nifunge kitu kimoja."

"Kufunga? Haikuwa kufungua?"

Chileshe alifungua mdomo, akafikiri. "Kufunga," alisema. "Njo vile alisema."

Ndani ya kisanduku, chini ya vyuma, kulikuwa na kitu kimeviringishwa katika kitambaa safi. Kapya alikifungua. Ilikuwa radiatere ndogo ya zamani, ile iliyokuja na gari. Ilikuwa imeoshwa ndani na nje. Kando yake kulikuwa na joint mbili mpya, zile pete za kuziba mafuta, bado na unga wake mweupe.

* * *

Kasho ya polisi, chumba cha mahabusu, ilinuka chokaa na mkojo. Musonda alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, sahani ya bukari, ugali ulioletwa na mke wake Julienne, mbele yake haijaguswa. Alikuwa muntu mnene wa mikono mikubwa, lakini usiku mmoja tu ulikuwa umemla mashavu.

"Hukukula," Kapya alisema.

"Julienne alileta. Mwambie aksanti. Sina njaa."

"Utamwambia mwenyewe." Kapya aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Alhamisi jioni ulikuwa unafanya nini ku gari ya Monsieur Laurent?"

"Nilikuwa nalegeza boulon. Andika vile."

"Boulon iko nguvu, Musonda. Rangi haikukatika. Haukulegeza kitu."

"Zamu alinifukuza sijaanza bado."

"Na nimeona radiatere ya zamani mu kisanduku yako. Umeiosha. Umenunua na joint. Muntu anayetaka kuua mwenzake anaosha radiatere?"

Musonda alitazama miguu yake.

"Ulitaka kutoa ile ya mupya, urudishe ya zamani."

Musonda alisukuma sahani kando kwa mguu.

"Mulibishana juu ya ile na Yuma."

"Brigadiye, vijana banabishana kila siku. Juu ya mpira, juu ya banamuke..."

"Ile ya mupya, nani aliifanya?"

Hapo Musonda aliinuka. Aliinuka haraka, akashika vyuma vya mlango, akasema kwa sauti ya chini sana, "Acha ile. Nakuomba, yaya, mukubwa wangu. Uache miye niende ku parke, basi. Ile maneno acha."

"Watakufunga."

"Nasikia."

"Julienne atazaa mutoto, na weye uko mu buloko."

"Atazaa. Banamuke banazaa." Aligeuza uso kuelekea ukuta. "Yuma alisha kufa. Hakuna muntu atamufufua. Kwa sababu gani tuongeze mwengine?"

Kapya aliketi kidogo zaidi, lakini mgongo ule haukugeuka tena. Alipotoka alisimama juani kwenye veranda ya polisi, radiatere chini ya kwapa, imefungwa katika gazeti. Muntu anayesema uongo ili ajiokoe alikuwa amemwona mara nyingi. Muntu anayesema uongo ili afungwe, hapana. Anamficha nani? Si Monsieur Laurent. Hakuna fundi wa garaji ile ambaye angelala kasho kwa ajili ya Monsieur Laurent. Na Yuma hana haja ya kufichwa. Alibaki muntu mmoja tu, yule ambaye Monsieur hakuuliza jina lake.

* * *

Barabara za Kamalondo zilikuwa zimejaa watu wa Jumamosi, vyerehani vinalia, mbuzi mmoja amelala katikati ya njia na baiskeli zinamzunguka. Lakini katika mtaa wa Mzee Sumaili, fundi wa shaba, kulikuwa na utulivu. Kwenye kona, mbele ya mbabula wake, jiko la makaa, Mama Albertine alikuwa anakaanga vitumbua.

"Ee, Brigadiye!" aliita. "Leo unakuya kukamata bitumbula byangu? Bilikosa nini? Bilipita bila kibali?"

"Bilikuwa bitamu sana, mama. Bantu banalalamika."

"Basi kaa, ule ile yenye ilikosa." Alimpa kimoja ndani ya karatasi. Halafu akashusha sauti. "Unaenda ku matanga?"

"Naenda."

"Maskini Mzee, kuzika Yuma, mutoto yake. Tangu jana hatusikie nyundo. Siye bote, mutaa mzima, tulikuwa tunaamuka na nyundo yake. Leo asubui bantu balichelewa ku kazi, banasema, lakini Sumaili hajaanza. Banasahau."

Kapya alikula. Kwenye mbabula wa pili, mdogo, birika la shaba lilikuwa linachemka, na kwenye tumbo lake meno yale yale, yaliyoshikana kama vidole.

"Hii alikutengenezea yeye?"

"Nani mwengine? Hii birika, mwanangu wa kwanza alikuwa hajaota meno. Leo ule mutoto alisha kuoa. Ata tone moja haijatoka. Ni ile karayi njo ilinisumbua." Alionyesha kwa kijiko chuma chake cha kukaangia. "Mukono yake, ile ya kushikia. Mzee analehemu, nakaanga, mukono inatoka. Analehemu tena, nakaanga, inatoka. Nikamwambia, weye Sumaili, birika unafanya kama Mungu, karayi unafanya kama mulevi! Alikasirika. Alisema ni miye natupa karayi ovyo."

"Sasa inashika."

"Ni Musonda alisude, aliiunga na moto. Yule mwenye mulifunga." Alisema bila kumtazama. "Na laiton, ile shaba ya manjano, ku garaji, na moto ya chupa ya gazi. Alicheka, akasema, mama, mafuta haina maji. Maji ikisha kuchemka, moto yake inafika pale, haipande tena. Mafuta inapanda tu."

Kitumbua kilisimama katikati ya mkono na mdomo wa Kapya.

"Mama," alisema polepole, "uko na mafuta ya kutupa?"

"Ya nini?"

"Nipatie. Na kopo moja ya zamani."

Alimpa, akinung'unika. Kapya alifungua gazeti, akavunja kwa koleo la Albertine kipande kidogo cha mshono wa radiatere, sehemu ambayo ilikuwa bado imeshikana, jino juu ya jino. Kwanza alikitumbukiza ndani ya birika, akangoja maji yakichemka juu yake. Alikitoa. Kilikuwa vilevile, alikivuta kwa koleo, hakikuachana. Halafu aliweka kopo la mafuta juu ya makaa, akapuliza mpaka mafuta yakaanza kutoa moshi wa buluu, akakitumbukiza kipande kile.

Hawakungoja sana. Meno mawili yaliachana taratibu, bila sauti, kama watu wawili waliochoka kushikana mikono. Chini ya kopo tone jeupe lilikuwa linang'aa.

"Yesu," alisema Albertine. Alitazama kopo, alitazama shaba, alitazama mlango wa Mzee Sumaili. Wepesi wote ulitoka usoni pake. "Brigadiye. Ile ni nini? Ilitoka wapi?"

"Mafuta ya motere haifike moto ya namna hii," Kapya alisema, kama anajisemea mwenyewe. "Lakini inasukuma. Na gari inatikisika. Haina lazima iyeyuke yote. Ikilainika tu, basi."

"Usiende kumwambia," Albertine alisema. "Unasikia? Usiende."

Kapya aliokota vipande viwili kwa koleo, akaviacha vipoe juu ya gazeti.

* * *

Uani kwa Mzee Sumaili wanaume walikuwa wameketi juu ya mikeka, kofia kichwani, wengine wanasoma, wengine wanazungusha tasbihi. Sauti za wanawake zilitoka ndani ya nyumba. Mzee mwenyewe aliketi karibu na mlango, mikono yake myeusi yenye makovu ya moto imelala juu ya magoti kama zana zilizowekwa chini. Kando yake, kwenye mkeka, kulikuwa na nafasi tupu ambayo hakuna muntu aliyeikalia.

"Brigadiye," alisema, "unakuya kuniambia kama banamufunga?"

"Bado, Mzee. Pole sana."

"Bado!" Aligeukia watu. "Musonda alikula hapa, ku sahani moja na Yuma. Bibi yangu Rabia alikuwa anamuita mwanangu. Jana nilisema mbele ya bantu bote, narudia tena: mukono yenye iligusa ile gari ioze. Mutoto yake asimuone baba yake."

Wengine waliitikia kwa sauti ya chini. Kapya aliinama, akamsemea sikioni, "Mzee, nikuone kidogo ndani ya karakana."

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo. Mabirika ambayo hayajamalizwa yalikuwa yamepangwa ukutani, bila mikono, bila midomo. Moto ulikuwa umezimika na majivu yamelala. Kapya alifungua gazeti juu ya fuawe, akarudi nyuma hatua moja.

Uso wa mzee ulifunguka. Kwa mara ya kwanza tangu jana alikaribia kucheka.

"Ah! Iko yangu hii!" Aliipapasa kwa kiganja. "Unaona? Yuma aliniletea ile ndogo ya bazungu, akasema, baba, fanya kama hii, lakini mara mbili. Nikasema, hii tu? Alisema, baba, Monsieur akipita pale mbele ya bazungu bote, shaba yako njo itakuwa mbele, hata kama habajue. Ndani nilipaka bati, yote, kama birika ya chai. Nilijaza maji, nikaweka ku moto, ikachemka tangu asubui mupaka azuhuri. Mikono yangu hii. Haikutoka tone..." Kidole chake kilifika kwenye mshono. Kilisimama. "Sababu gani iko wazi?"

Kapya alisogea kando, mwanga wa dirisha uingie.

"Kichuguu iliivunja."

"Kichuguu iligonga upande mwengine, Mzee."

Mzee aliileta karibu na dirisha. Alitazama matone ya lehemu kwa muda mrefu. Kapya alitoa vile vipande viwili, akaviweka juu ya fuawe, kila kimoja peke yake.

"Ilikuwa kipande kimoja, nilikichemsha mu maji. Kilishika," alisema. "Kisha nilikiweka mu mafuta ya moto ya Mama Albertine."

Nje mtu alikuwa anasoma, sauti inapanda na kushuka. Mzee Sumaili aliokota jino moja, akaliokota la pili, akaliingiza katikati ya lenzake. Lilikaa. Aliachia kidole, likaanguka.

"Karayi," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Miye nilisema ni yeye anaitupa ovyo."

Aliketi juu ya kigogo chake cha kazi. Alipouliza tena, aliuliza kama fundi anayepima.

"Musonda alijua?"

"Alijua. Alitayarisha ile ya zamani, akaosha, akanunua joint. Alitaka kuirudisha. Njo sababu ya kubishana: Yuma hakukubali. Alhamisi jioni Musonda akaenda peke yake, zamu akamufukuza. Ijumaa asubui Yuma alikuwa alisha kutoka na gari."

"Yuma hakukubali." Mzee alitikisa kichwa mara moja. "Hakutaka kutoa kazi yangu ku gari."

"Nafikiri vile."

"Na ule mwengine iko mu kasho. Miye namulaani hapa, na bantu banamupelekea ile maneno, bila shaka ilimufikia. Na iko ananyamaza."

"Ananyamaza, Mzee. Ata miye alikataa kuniambia jina. Aliniomba niache."

Kapya alitazama mabirika ukutani. Alikuwa ametembea njia nzima kutoka kwa Albertine, hatua chache zile, akitafuta namna ya kuandika maneno haya. "Mzee," alisema, "naweza kujaribu kuandika hivi: radiatere ilifanywa na fundi mwenye hajulikani. Sijue kama Komisere atakubali. Lakini naweza kujaribu."

Mzee Sumaili aliinua uso. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Hajulikani?" alisema. "Mu hii mutaa, mu kila nyumba, banakunywa chai ku mushono yangu. Utaandika hajulikani?"

Aliinuka, akaweka kofia yake vizuri, akaichukua radiatere mwenyewe, bila gazeti. Walipotoka uani watu waligeuza vichwa. Rabia, mke wake, alikuwa amesimama mlangoni, kanga imefunika kichwa.

"Unaenda wapi? Matanga haijaisha."

"Naenda kuchukua mutoto."

"Mutoto gani?" Rabia aliuliza, na sauti yake ilivunjika. "Baba Yuma, mutoto gani?"

Lakini mzee alikuwa amekwisha kufika barabarani, na shaba ilikuwa inawaka juani mikononi mwake, na Mama Albertine aliposhuhudia vile aliweka kijiko chake chini.

* * *

Komisere alisikiliza mpaka mwisho, kwanza kwa hasira, halafu bila hasira. Aliita Monsieur Laurent. Monsieur Laurent alisema ndiyo, haikutoka Ulaya, na hakumtazama mzee wala mzee hakumtazama. Kapya aliweka mezani radiatere ndogo iliyooshwa, joint mbili, na yale meno mawili. Chileshe aliletwa, akarudia lile neno lake, kufunga.

"Basi ni accident," Komisere alisema. Alivuta hewa, akaikuna pua yake kwa kidole. "Hakuna muntu wa kufunga. Toa Musonda. Na ile chuma, tupeni."

Musonda alipoletwa, macho yake yanapepesa kwa mwanga, aliona kwanza radiatere juu ya meza. Halafu alimwona mzee. Akarudi nyuma hatua moja.

"Baba," alisema, "si miye. Sikusema. Haki ya Mungu sikusema."

"Najua."

"Nilimwambia Yuma tuitoe ku gari, nisude upya na laiton, Mzee hatajua. Alikataa. Alisema, nikiifungua, nitakuwa nimemuambia baba yangu kama hajue kazi. Nilimwambia..." Hakumaliza.

"Uliacha nikulaani mbele ya bantu," Mzee Sumaili alisema.

"Ulikuwa mu matanga, baba. Ulikuwa na sababu ya kulaani muntu."

Mzee alimtazama. Kisha alimshika mkono, ule mkono mkubwa ambao jana aliutaka uoze, akauvuta chini ya kwapa lake kama muntu anayemwongoza kipofu, au kipofu anayeongozwa. Kapya, aliyewafuata nyuma na radiatere, hakuweza kutambua nani anamwongoza mwenzake.

Walipita Kamalondo yote hivyo. Watu walisimama milangoni. Uani, wale waliosikia laana jana waliwaona wanaingia, na tasbihi zikasimama vidoleni. Mzee aliketi mahali pake. Akapiga kwa kiganja ile nafasi tupu kando yake, mara moja.

"Fashi ya Yuma iko hapa," alisema. "Kaa."

Musonda aliketi. Tasbihi zilianza kuzunguka tena. Baadaye Rabia alitoka ndani na beseni na birika. Alisimama mbele ya Musonda, akamtazama kwa muda, kama muntu anayesoma jina gumu. Halafu aliinama na kummiminia maji ya kunawa.

Kapya alibaki mlangoni mwa ua. Kutoka pale aliona meno ya shaba kwenye tumbo la birika, moja juu ya jingine, yameshikana vizuri. Maji yalitoka mdomoni tu. Kwenye mshono halikutoka hata tone.